Paa Moja, Wagombea Wawili

Kijijini kwetu Ngrandu, mtu mwenye shida ya muhuri hapigi hodi mlango wa mbele. Mlango wa mbele ni wa Pak, yaani Bwana, Darmojo, ambaye ndiye lurah, mkuu wa kijiji, na saa hizo Pak Darmojo yuko barazani amefumba macho, anawasikiliza hua wake kumi na wawili wakiimba matunduni. Ukimsemesha ataweka kidole mdomoni kama uko msikitini. Mwenye haraka zake huzunguka nyuma, akapita kisimani, akafuata harufu ya soya zinazochemka mpaka dirisha la jikoni, na hapo humkuta Bu, yaani Mama, Kapti, mke wa lurah, mpishi wa tempe, ile mikate ya soya zilizochachushwa.

"Karibu. Nini tena?"

"Barua ya kuuza ng'ombe, mama."

"Yule wa pembe moja? Nani kapatikana wa kumnunua?"

Muhuri uko ndani ya kopo la biskuti, juu ya rafu, kati ya chumvi na sukari ya mnazi. Bu Kapti anafuta mikono, anaandika, anagonga, anapuliza wino ukauke, anarudi kwenye soya zake. Miaka sita kijiji kimetawaliwa kupitia dirisha lile, na karatasi zote za serikali yetu zinanukia vitunguu. Wilayani wanadhani ni manukato ya lurah.

Bu Kapti ni mama yangu mdogo. Ana miaka hamsini na miwili, mfupi, mzito kidogo, na ana tabia moja ambayo wageni huidhania kiburi: katikati ya mazungumzo huondoka. Haondoki kwa miguu. Anabaki palepale, mkono kwenye mwiko, ila macho yanakwenda zake. Ukisubiri, anarudi. "Ndiyo, ulikuwa unasema," atakwambia, na ukimuuliza alikuwa wapi atasema alikuwa anahesabu soya. Uongo mtupu. Alikuwa Ng'ambo.

Ng'ambo ni kitongoji cha upande wa pili wa mto, alikozaliwa. Kati yao na sisi kuna daraja la mianzi ambalo kila masika mto hulichukua, na kila kiangazi tunalijenga upya kwa nyimbo na picha, kana kwamba mwaka huu mto umeokoka. Likishachukuliwa, watu mia mbili wa kule hubaki kama wamesahauliwa kwenye kabati. Mama yake Bu Kapti alikufa upande ule, maji yamejaa, na binti yake amesimama upande huu ameshika sufuria ya uji mpaka uji ukapoa na kufanya ngozi juu. Hilo yeye halisimulii kamwe. Nimelisikia kwa mama.

Pesa za maendeleo zilipokuja mwaka juzi, Pak Lurah alijenga tao. Tao la saruji la kukaribishia wageni, lenye simba wawili, mmoja wao amefanana na mbuzi aliyekosewa. Siku ya kulizindua Bu Kapti alipiga makofi kama mke wa lurah anavyopaswa. Jioni akaniita dirishani.

"Wewe ulisomea madaraja, si ndiyo?"

"Nusu, mama mdogo. Niliacha tulipofika kwenye misingi."

"Basi niambie hiyo nusu. Daraja la zege la mita ishirini na nne linataka nguzo ngapi?"

"Nne. Mbili za kando, mbili za majini."

"Nne," alirudia, na macho yakaondoka.

Uchaguzi ulipotangazwa likatokea tatizo ambalo kwetu si geni: hakuna aliyetaka kushindana na Pak Darmojo. Si kwamba anapendwa hivyo. Ni kwamba huyu ni mkwe wake, yule ni binamu yake, na kugombea na ndugu kunafanya kukaa mkeka mmoja kwenye harusi kuwe kugumu kwa miaka mingi. Lakini sheria inataka wagombea wasiopungua wawili. Akijitokeza mmoja, muda unaongezwa siku ishirini. Asipopatikana wa pili, uchaguzi unaahirishwa, na wilaya inaleta kaimu wake, mtu wa kuja na pikipiki Jumatatu na kuondoka nayo Alhamisi.

Siku zilipobaki mbili Pak Darmojo aliingia jikoni, jambo ambalo peke yake lilitosha kuwa habari ya mtaa.

"Mama Ratri," alisema. Ratri ni binti yao, ameolewa mji wa mbali. "Lete kitambulisho chako."

"Cha nini?"

"Nakuandikisha ugombee."

"Nigombee nini?"

"Ulurah. Dhidi yangu." Alimpigapiga bega kama anavyowapigapiga hua wake matundu. "Usiogope. Hutashinda."

Nilikuwepo, nilikuwa nakula. Bu Kapti aliendelea kukoroga. Macho yake yakaenda Ng'ambo, yakakaa huko muda mrefu kuliko kawaida, mpaka soya zikaanza kushika chini na mimi nikaacha kutafuna. Yaliporudi alisema tu, "Kiko kwenye kopo la biskuti," akaenda kuongeza maji.

Kesho yake, akinifungia tempe kwenye majani ya mgomba, aliniuliza bila kuninyanyulia uso: "Mtu akiandikishwa ili ashindwe, halafu akashinda, ni kosa kisheria?"

"Si kosa."

"Na nyumbani?"

Hilo hata ningemaliza masomo nisingelijua. Ila tangu saa ile nilijua jambo moja: mama yangu mdogo alikitaka kile kiti. Alikitaka kwa ajili ya nguzo nne. Na hakutaka, mbele ya kijiji kizima, kumvua nguo mume aliyeishi naye miaka thelathini. Mambo hayo mawili akawa analala nayo kitanda kimoja, na mume katikati.

Kamati ya uchaguzi iliongozwa na Mwalimu Kusnan, mstaafu, mtu anayesoma kanuni kwa sauti ile ile aliyotusomea majedwali ya hesabu. Nami nilikuwemo kwenye kamati. Ukikataza ndugu wa wagombea kijijini kwetu, utabaki na mbuzi. Wagombea walipiga kura ya namba. Bu Kapti akapata moja, Pak Darmojo akapata mbili. Picha zao zikachapwa ubavu kwa ubavu kwenye karatasi ya kura. Bu Kapti alipigwa picha asubuhi ile ile, jasho la jikoni bado kwenye paji. Pak Darmojo alileta picha ya miaka kumi iliyopita, ya enzi za nywele.

Siku tatu za kampeni Pak Lurah alizunguka vitongoji vyote na maneno yale yale. "Njooni tu mpige kura," alisema, "toboeni popote mnapotaka, ni nyumba moja!" Watu wakacheka, naye akazidi kulisema. Lilimfurahisha sana. Aliliongezea hata mkono, akichora paa hewani.

Bu Kapti aliandikiwa dira yake na mumewe, mistari miwili. Siku ya kuisoma ukumbini alivaa miwani, akasoma: "Dira yangu ni kuendeleza yote mazuri yaliyofanywa na Pak Lurah." Akavua miwani. "Na daraja," akasema, akaenda kukaa.

Neno hilo halikuwemo kwenye karatasi. Pak Darmojo aliigeuza karatasi akatazama nyuma yake.

Sasa, kwetu sisi, uchaguzi hauamuliwi na watu peke yao. Siku chache kabla yake, nuru ya samawati hushuka kutoka mbinguni, mviringo kama nazi, ikatua juu ya paa la atakayeshinda. Tunaiita pulung. Ukicheka, cheka, lakini hata Mwalimu Kusnan siku hizo hutembea ameinua kidevu. Basi alfajiri ya Jumatano, watu watatu wakitoka msikitini waliiona. Ilipita juu ya mashamba ya mpunga bila sauti, ikavuka mto ikitokea Ng'ambo, ikateremka polepole kama mtu anayetafuta namba ya nyumba, ikatua kwa lurah.

Kila mahali duniani hilo lingemaliza ubishi. Kwetu ndipo ulipoanza, maana wagombea wote wawili walilala chini ya paa lile.

"Imetua upande wa barazani," alisema Kang Wardi, rafiki wa Pak Darmojo katika mambo ya hua. "Ndege waliamka wote."

"Jikoni," alisema Mbok Jiyem, muuza dawa za mizizi, ambaye hakuiona lakini hilo halijawahi kumzuia. "Iliingilia kwenye bomba la moshi. Muulizeni Kapti kama moto haukuwaka wenyewe."

"Moto wa mama huyo huwaka wenyewe kila siku saa kumi!"

"Basi kila siku anashukiwa na nuru, wewe unataka nini zaidi?"

Nilimuuliza mwenyewe. Alikuwa ameketi kizingitini, anapepeta maharage, ukungu umelala juu ya mpunga kama maziwa yaliyomwagika. Alisema alikuwa macho wakati ule, na kwamba jikoni kulikuwa na weupe wa aina fulani, lakini huenda ulikuwa mvuke. "Nilidhani naota," alisema. "Nikaona nguzo zimesimama majini, na mtu anapita juu na kapu, hana haraka." Akaendelea kupepeta.

Siku yenyewe, saa moja asubuhi, tuliwaketisha jukwaani. Hiyo ndiyo desturi yetu: tangu kituo kinafunguliwa mpaka kinafungwa, wagombea hukaa mbele ya wapiga kura, mikono magotini, bila kuomba kura, bila kununa, wakiitikia kila mtu kwa kichwa. Jukwaa lilipambwa kwa makuti machanga, mikungu ya ndizi na miwa. Viti tuliazima kwa mpambaji wa harusi, na kwa sababu hana vingine, vilikuwa vyekundu, vyenye maua ya dhahabu mgongoni. Kwa hiyo Pak Darmojo na Bu Kapti, mume na kilemba chake, mke na lesi yake ya kijani, walikaa kama walivyokaa miaka thelathini nyuma, na wazee waliosahau kilichowaleta waliwapa mkono na kuwaombea watoto.

Mchana ulikuwa wa namna ile ambayo kila kitu unakiona kana kwamba kiko chini ya maji. Feni ya ukumbi ilizunguka bila kushawishi hewa. Foleni ilisogea: jina, kitambulisho, karatasi, kizimba. Ndani ya kizimba kuna sifongo, na msumari uliofungwa kamba. Unafungua karatasi, unatoboa picha ya umtakaye, unakunja, unatumbukiza, unachovya kidole wino. Watoto nje walikuwa wakihesabu vidole vya zambarau. Kila dakika tano Mwalimu Kusnan alikamata kipaza sauti: "Kunjueni karatasi yote! Mikunjo yote miwili! Toboeni picha moja tu!" Na kila dakika tano usingizi uliyafunika maneno hayo kama blanketi.

Saa nne waliingia watu wa Ng'ambo, wote kwa pamoja. Daraja la mianzi lilikuwa limekwenda wiki iliyopita. Walivuka wameshikana kamba, nguo zimelowa hadi kiunoni, na sakafu ya ukumbi ikabaki na njia ya maji kutoka mlangoni hadi sandukuni. Wakapita mbele ya jukwaa. Mbah Tuminah, bikizee wa miaka themanini na kitu, alisimama tu mbele ya Bu Kapti, akakamua pindo la nguo yake pale pale, maji yakatiririka juu ya zulia la harusi, akaenda zake kizimbani.

Nilimtazama mama mdogo. Alikuwa ameondoka. Mwili uliitikia kwa kichwa, huyu, yule, huyu, lakini yeye alikuwa mtoni. Aliniambia baadaye kwamba kwenye kile kiti alilijenga lote. Kila aliyepita na kidole cha zambarau alimletea ndoo moja ya zege. Nguzo ya kwanza ilimalizika kabla ya chai. Ya tatu ilimsumbua, udongo ulikuwa laini. Mume wake alikuwa akikoroma taratibu pembeni, kilemba kimeinama, naye akimkanyaga mguu kila mara ili asiaibike mbele za watu, halafu anarudi kwenye nguzo ya tatu.

Saa sita wagombea nao walipiga kura. Pak Darmojo aliingia akatoka, kama mtu aliyechungulia chungu. Bu Kapti aliingia akakaa. Kamba ya msumari ilining'inia bila kutikisika. Nje watu wakaanza kutazamana.

"Kapti!" Mbok Jiyem alipaza sauti. "Umelala humo?"

Kamba ikavutika mara moja.

"Nilimwomba radhi kwanza," mama mdogo aliniambia baadaye. "Picha yake. Alikuwa ananitazama na zile nywele."

Saa saba sanduku lilifungwa. Saa nane, tumeshakula wali na mboga ya majani ya mpapai, tukaanza kuhesabu mbele ya kijiji kizima. Kazi yangu ilikuwa kuinua kila karatasi kwenye mwanga wa dirisha, tundu lionekane, na kutaja. Kang Wardi alikuwa wakala wa Pak Lurah, Mbok Jiyem wakala wa Bu Kapti.

"Namba mbili!"

"Halali!" wote wawili.

"Namba mbili!"

"Halali!"

"Namba moja!"

"Halaliii!" Hiyo ni Mbok Jiyem peke yake, mpaka Ng'ambo walisikia.

Karatasi ya tisa niliinua, nikaisogeza karibu zaidi na dirisha. Nuru ilipita sehemu mbili. Tundu moja kwenye pua ya Pak Lurah, tundu jingine kwenye pua ya mkewe.

"Imeharibika," alisema Mwalimu Kusnan.

"Imeharibikaje?" alisema Kang Wardi. "Wote wamo!"

"Ndiyo sababu."

Ya kumi na moja, vile vile. Ya kumi na nne, vile vile. Baadhi ilikuwa kosa la mikunjo: karatasi ilikunjwa katikati yao, mume na mke uso kwa uso kama wanabusiana, na aliyetoboa bila kuikunjua yote aliwapitisha msumari mmoja. Lakini nyingine zilikuwa na matundu mawili yaliyotobolewa kwa makusudi kabisa, safi, kila moja mahali pake. Nikainua moja ya namna hiyo, na kwenye safu ya mbele mzee Sarpin akanyoosha kidole kwa furaha.

"Hiyo yangu!"

"Mzee, kura ni siri!" alifoka Mwalimu.

"Siri ya nini? Pak Lurah kasema mwenyewe, toboa popote, ni nyumba moja. Nikaona nikimtoboa mmoja, mwenzake atasikitika. Nikawapa wote."

"Hata mimi!" sauti nyingine. "Hata mimi!" Wazee watupu, watu wa adabu, wale wale ambao miaka yote ni mtaji wa Pak Darmojo. Niligeuka kumtazama. Alikuwa amekaa wima sasa, usingizi umekwisha, midomo inacheza bila sauti, nadhani analihesabu lile neno lake: kitongoji hiki mara tatu, kile mara nne.

"Zihesabiwe zake," alisema Kang Wardi. "Neno ni lake!"

"Basi na hua wako waje wapige kura," alisema Mbok Jiyem. "Kaa chini, wewe."

Mwalimu Kusnan alifungua kitabu cha kanuni, akasoma kifungu chote, pamoja na namba ya ukurasa. Picha mbili zikitobolewa, kura haina mwenyewe.

Hesabu iliisha saa kumi kasorobo. Pak Darmojo, mia nne na nane. Bu Kapti, mia nne thelathini na moja. Zilizoharibika kwa adabu, mia mbili na saba.

Ukumbi haukushangilia. Ulifanya sauti ya mtu aliyeamshwa. Kisha wote wakatazama vile viti viwili vyekundu, na mbali, juu mtoni, radi ikaburuta kitu kizito.

Mwalimu aliweka hati ya matokeo mezani na kalamu juu yake. Wagombea wote husaini. Aliyeshindwa akikataa, inaandikwa kuwa amekataa, mambo yanaendelea. Pak Darmojo hakuinuka.

"Basi aliyeshinda," alisema Mwalimu. "Bu Kapti."

"Siweki yangu mpaka yake iwepo," alisema Bu Kapti.

"Kanuni haihitaji..."

"Mimi nahitaji."

Pak Darmojo alimvuta nyuma ya mikungu ya ndizi. Nilikuwa pale nafunga kura kwa kamba, sikutegesha sikio, sikio lilikuwepo tu.

"Mama Ratri. Nenda ukaseme hukitaki."

"Nikisema hivyo utakipata wewe?"

Mumewe alimtazama Mwalimu kupitia majani. Mwalimu akatikisa kichwa. "Kinakwenda wilayani. Analetwa kaimu."

Pak Darmojo alivua kilemba, akafuta upara, akakirudisha. Alipoongea tena sauti ilikuwa laini, karibu ya upole. "Sawa. Basi tutawaambia watu hivi: hukukitaka, ila unakiokoa kisiondoke nyumbani. Unakishika kwa niaba yangu. Watafurahi. Nami nitasaini sasa hivi."

Ulikuwa mlango mpana, na alimfungulia kwa heshima. Angepita hapo angepata kiti, angepata amani, na kila mtu angelala. Nilijikuta namwombea apite. Macho ya mama mdogo yalikwenda, nikadhani tutamsubiri tena, lakini safari hii yalirudi mara moja.

"Hapana, Baba Ratri," alisema. "Nakitaka."

Miaka thelathini, nadhani lilikuwa neno la kwanza la aina hiyo kati yao. Pak Darmojo alilitazama kama vile limeangukia mguuni pake. Halafu alirudi kwenye kiti cha harusi, akaketi, akaweka mikono magotini, akatazama mbele.

Mvua ikaanza. Si kubwa, zile nyuzi nyembamba zinazofanya mashamba yaonekane yanapumua. Saa kumi na moja ikapita. Watu wa karibu walikwenda, wakarudi na miavuli, wakakaa. Watu wa Ng'ambo hawakusogea hata hatua. Miaka sita iliyopita waliondoka mapema kuwahi mto, na mpaka leo wanaamini kura zao zilihesabiwa wakiwa njiani. Safari hii walikuwa wameapa kuona wino umekauka. Walikaa sakafuni kwa mstari, na kila mmoja alikuwa anasikiliza kule kule, upande wa maji.

Bu Kapti alikaa kwenye kiti chake, pembeni ya mumewe. Hakumsihi. Ukiwatazama kupitia ule mwanga wa kijivu ungesema ni picha, na kwamba aliyeipiga ameshakufa.

Mwishowe Mbah Tuminah alijikokota mpaka jukwaani, akaegemeza mkono kwenye goti la Pak Darmojo kama vile ni meza.

"Mwanangu," alisema, "kama ni hasira, mimi nakusubiri, nina umri wa kusubiri. Lakini mto hausubiri. Niambie tu ni mpaka saa ngapi, nijue kama nivue viatu."

Hakuwa na viatu. Pak Darmojo alitazama chini, akaiona miguu ya bibi, myeupe kwa kulowa, vidole vimejikunja kama vya mtoto aliyekaa sana kwenye maji. Aliitazama muda mrefu. Sijui aliona nini; mimi niliona miguu tu.

Akainuka, akaenda mezani.

"Mwalimu," alisema, kalamu hewani, "mimi sasa nitaitwaje?"

"Kwa kanuni?"

"Kwa chochote."

Mwalimu Kusnan alifikiri kwa dhati. "Utaitwa mume wa lurah. Na kwa desturi, mwenzi wa lurah ndiye mwenyekiti wa kikundi cha akina mama. Mikutano ni Ijumaa."

Hata watu wa Ng'ambo walicheka. Pak Darmojo hakucheka, lakini alisaini, kwa nguvu, wino ukapita mpaka ukurasa wa chini. Bu Kapti akainama akaweka yake, ndogo, iliyonyooka, ile ile tuliyoizoea kwenye barua za ng'ombe, safari hii chini ya jina lake mwenyewe. Mbah Tuminah akainamisha uso karibu na karatasi, akapuliza.

"Tayari," alitangaza kwa wenzake. "Twendeni."

"Hamwendi popote," alisema Bu Kapti.

Alikuwa ameshasimama, ametoa kichwa mlangoni, anasikiliza. Sauti ya mto ilikuwa imebadilika, hata sisi wa upande huu tuliisikia. "Hakuna anayevuka leo. Wote mnalala kwetu. Jiyem, wasaidie wazee. Mwalimu, ukumbi ubaki wazi kwa watakaozidi."

"Kwetu?" alisema Pak Darmojo. "Wote? Wako mia na ishirini!"

"Nimewahesabu. Mia na kumi na nane."

Tukaenda kwa mstari mrefu chini ya majani ya migomba na miavuli, watu wanaongea chini chini kama wanaotoka kwenye harusi. Kabla ya magharibi nyumba ilikuwa imejaa, baraza imejaa, kizingiti kimejaa. Jikoni mvuke wa wali ulikuwa umefunika kila kitu, na ndani yake Bu Kapti alikuwa anakata tempe bila kutazama kisu.

Barazani Mbah Tuminah alimshika Pak Darmojo shati. "Baba mwenye nyumba, mikeka iko wapi? Sakafu ya baridi."

Alizunguka. Alifungua kabati la sebuleni, akalifunga. Aliinama chini ya kitanda, akatoka na vumbi. Alisimama katikati ya nyumba yake, amezungukwa na watu mia na kumi na wanane wanaomtazama, kisha akapita katikati yao, taratibu, akizungukia nyuma, kando ya kisima, mpaka dirishani.

"Mama Ratri," alisema.

"Nini tena?"

"Mikeka."

"Juu ya dari, upande wa kulia, imefungwa kwa kamba ya katani," alisema Bu Kapti ndani ya mvuke. "Chukua ngazi kwa Wardi. Na uanze na yule bibi."